Kuchora È kwa Sindano Nane

Manifesti, ile orodha ya mizigo ya boti, ilikuwa na nakala tatu, nyeupe, ya waridi na ya njano. Juu kabisa, mahali nilipoandika MIZIGO YA NG’AMBO, palisomeka MIZIGO YA NGΓÇÖAMBO. Kijana aliyetumwa kuichukua hakuangalia. Aliikunja, akapanda bodaboda hadi Kibirizi, na haikupita saa moja akarudi nayo. Karani wa boti alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu zile herufi tatu ngeni na kuandika pembeni: “Hii ni lugha gani?”

Kwetu Kigoma ng’ambo si neno la kupita tu. Ng’ambo ni Kongo, ile milima unayoiona upande wa pili wa Ziwa Tanganyika jioni hewa ikiwa safi. Sabuni inakwenda ng’ambo, saruji inakwenda ng’ambo, shemeji yako yuko ng’ambo. Kumpa mtu wa Kibirizi karatasi ambayo haiwezi kuandika neno hilo ni kumpa karatasi isiyomhusu. Niliona aibu, nikaiandika upya ile manifesti bila kudai hela, halafu nikafunga duka mapema ili nielewe kilichotokea.

Nina steshenari ndogo Mwanga, hapa hapa Kigoma. Kopi, kuchapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Kompyuta zangu mbili zinatumia Debian, aina moja ya mfumo wa Linux, kwa sababu ni za zamani na kwa sababu virusi vya kwenye flashi za wateja vilikwisha kuniharibia kazi mara mbili. Printa ziko tatu: ya leza, ya wino wa rangi, na ya sindano, ile inayogonga utepe kama taipureta. Hii ya tatu watu wanaishangaa, wanauliza kwa nini sijaiuza kwa mafundi wa vipuri. Jibu ni zile nakala tatu. Sindano zinagonga karatasi ya juu na kaboni inapeleka alama hadi ya chini. Leza haiwezi kazi hiyo, na wenye boti wanataka nakala zilizogongwa kwa mpigo mmoja, ili nakala ya ng’ambo isije ikatofautiana na ya huku.

Printa hiyo nimeisajili kwenye kompyuta kwa jina la “gati”. Kazi naituma kwa amri moja:

lp -d gati -o raw manifesti.txt

Neno raw mwishoni linaiambia CUPS, mfumo unaosimamia printa kwenye Linux, isiguse kitu, ipeleke faili lilivyo. Ningeweza kuiacha CUPS igeuze maandishi yawe picha kwanza, lakini kwa printa ya sindano hiyo ni adhabu. Kichwa kinapita juu ya mstari uleule mara kadhaa, utepe unakwisha, na nakala ya njano inatoka hafifu. Ukiipelekea herufi ghafi, printa inatumia fonti yake yenyewe, iliyowekwa kiwandani ndani ya kumbukumbu isiyofutika. Inaandika haraka na inagonga kwa nguvu.

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Niliyaandika maandishi kwenye programu ya nyaraka, nayo ikabadilisha ritifaa iliyonyooka (') ikaniwekea ile iliyopinda (’). Kwenye skrini huoni tofauti ya maana. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, unaiona:

grep AMBO manifesti.txt | xxd

Kati ya G na A kulikuwa na baiti tatu, yaani vipande vitatu vya data: e2 80 99. Hivyo ndivyo ritifaa iliyopinda inavyoandikwa kwa UTF-8, utaratibu ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992 ili herufi za dunia nzima zipate nafasi. Printa yangu haijui utaratibu huo. Inachokijua ni jedwali la nafasi 256, jedwali namba 437, lililokuja na IBM PC mwaka 1981, na ndani ya jedwali hilo kila baiti ni herufi moja kamili. E2 ni Γ. 80 ni Ç. 99 ni Ö. Printa ilikuwa imetii kila nilichoiagiza, baiti kwa baiti.

Dawa yake ni fupi. Unalipitisha faili kwenye iconv, programu ya kuhamisha maandishi kutoka utaratibu mmoja wa herufi kwenda mwingine, kabla ya kulituma:

iconv -f UTF-8 -t CP437//TRANSLIT manifesti.txt | lp -d gati -o raw

TRANSLIT maana yake: herufi isipokuwemo kwenye jedwali, tafuta inayofanana nayo. Ritifaa iliyopinda ikanyooka, NG'AMBO ikarudi. Nikadhani nimemaliza.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, mwenye vitenge vya kusafirisha. Wakala wake alikuwa ameniletea orodha ya wenye mizigo, majina yote kwa herufi kubwa kama wanavyotaka. Jina lake la ubatizo sitaliandika hapa, ni lake, ila lilikuwa na É moja na È moja, kama lilivyo jina la HÉLÈNE. Nilikwisha kulipitisha faili kwenye iconv, nikachapa, nikampa kwa mikono miwili. Alisoma taratibu, kidole kikipita juu ya mstari, halafu akakirudisha kidole nyuma na kukisimamisha.

“Mutoto yangu,” akaniambia, “hii haiko jina yangu.”

É ilikuwa imetoka vizuri. È ilikuwa imetoka E tupu, bila alama.

Nilimweleza kwamba inasomeka hivyo hivyo. Sikutakiwa kumwambia maneno yale. Akafungua mkoba wa plastiki, akatoa kitambulisho kilichofunikwa nailoni, akakiweka juu ya kaunta kando ya manifesti. Huku alama ipo, huku haipo. Mzigo ukifika ng’ambo, anayeupokea atalinganisha karatasi mbili, na kama anatafuta sababu ya kuuzuia, sababu ni hiyo. Yeye alikwisha kuvuka ziwa mara nyingi kuliko mimi, anajua karatasi inavyoweza kumgeuka mtu. Nilichukua kalamu, nikaichora alama kwa mkono kwenye nakala zote tatu, naye akaondoka. Hakulalamika. Ila nilijua kwamba jina lililochorwa kwa kalamu juu ya maandishi ya mashine linaonekana kama limeghushiwa.

Usiku nilifungua jedwali 437 na kulisoma nafasi kwa nafasi. Limo é dogo, limo è dogo, ê, ë, à, ç, ô, vyote vidogo. Kwa herufi kubwa imo É. È haimo. Ê haimo, À haimo, Ô haimo. Mwaka 1981 kuna watu walikaa wakagawa nafasi 256, na katika nafasi hizo wakataka pia mistari ya kuchorea majedwali, na alama za hesabu, na herufi chache za Kigiriki. Nafasi hazikutosha. É ikapata kiti, È ikakosa. Kuna jedwali jingine, namba 850, lenye È, Ê, À na Ô, na printa nyingi za baadaye zinalo. Yangu haina. Ina 437 na jedwali la herufi za mlalo (italiki), basi.

Lakini ina kitu kingine, na hiki ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Printa yangu inaongea ESC/P, lugha ya amri iliyoanzia kwa Epson na kuigwa na watengenezaji wengine wengi. Kila amri inaanza na baiti ya 27, ile ya kitufe cha Escape, ambayo kwenye terminali tunaiandika \033. Ndani ya lugha hiyo kuna amri ya kuifundisha printa herufi mpya. Unaichora wewe, nukta kwa nukta, unaichagulia nafasi, unaituma, na kuanzia hapo printa inaijua.

Kichwa cha printa yangu kina sindano tisa zilizopangwa wima. Herufi moja inaruhusiwa kutumia nane kati ya hizo, na inachukua safu kumi na moja kwa upana. Kila safu ni baiti moja. Sindano ya juu ina thamani 128, inayofuata 64, kisha 32, 16, 8, 4, 2, na ya chini 1. Unajumlisha zile unazotaka zigonge. Kuna sharti moja: sindano ileile haiwezi kugonga katika safu mbili zinazofuatana, kwa sababu haiwahi kurudi. Kwa hiyo mstari wa kutoka kushoto kwenda kulia unauchora kwa kuruka safu moja moja.

Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la miraba, nikachora E. Nikaweka alama juu yake. Mchoro wa kwanza uliipa alama safu mbili za juu na E ikaanza moja kwa moja chini yake. Kwenye daftari ulipendeza. Kwenye karatasi alama iligandana na kichwa cha E, ikaonekana kama kipande cha wino kilichodondoka. Herufi inahitaji hewa kati ya mwili na alama yake, nami sikuwa na nafasi ya kutoa hewa, maana miraba ni minane tu kwenda chini. Nikaamua kuishusha E sindano moja chini ya wenzake kwenye mstari. Mwili ukachukua miraba mitano ya chini, mraba wa tatu kutoka juu ukabaki mtupu, na miwili ya kwanza ikawa ya alama: nukta moja kushoto juu, nukta moja kulia chini yake.

Safu ya kwanza, ule mgongo wa E, ni 16 na 8 na 4 na 2 na 1, jumla 31. Ya tatu ni mikono mitatu ya E, yaani 16 na 4 na 1, pamoja na nukta ya juu ya alama, 128, jumla 149. Ya tano ni mikono mitatu na nukta ya pili, 64, jumla 85. Ya saba mikono peke yake, 21. Ya tisa mkono wa juu na wa chini tu, 17, kwa sababu mkono wa kati wa E ni mfupi. Safu zilizobaki ni sifuri. Kwa hiyo herufi nzima ni 31, 0, 149, 0, 85, 0, 21, 0, 17, 0, 0. Namba kumi na moja.

Nafasi niliyoipa ni ile ya kiwimbi, ~, namba 126, kwa sababu hakuna manifesti yenye kiwimbi. Kwenye terminali namba zinageuzwa kuwa za msingi wa nane, na kazi nzima inakuwa mistari mitatu:

printf '\033:\000\000\000' > herufi.bin

printf '\033&\000\176\176\213\037\000\225\000\125\000\025\000\021\000\000' >> herufi.bin

printf '\033%%\001' >> herufi.bin

Mstari wa kwanza unaiambia printa inakili fonti yake ya kiwandani na kuiweka kwenye kumbukumbu inayobadilika. Ukiuruka mstari huu, printa itaijua herufi yako moja na kuzisahau nyingine zote. Wa pili unasema: kuanzia nafasi 126 hadi 126, pokea herufi hii. Ile \213, yaani 139, inaeleza kwamba natumia sindano nane za juu na upana wote. Wa tatu unaiamuru iache fonti ya kiwandani na kutumia hii niliyoijaza. Angalia zile alama mbili za asilimia. Printa inataka moja, lakini amri ya printf inaichukulia alama moja ya asilimia kuwa ni yake yenyewe, kwa hiyo unaandika mbili ili moja ifike. Kosa hilo lilinila usiku wa pili wote.

Usiku wa tatu ulikwenda kwa swichi. Nyuma ya printa, chini ya kifuniko, kuna safu ya swichi ndogo sana, na mojawapo inaamua kumbukumbu itumike kwa kuhifadhi kazi zinazosubiri au kwa herufi za mtumiaji. Yangu ilikuwa upande wa kazi zinazosubiri. Herufi nilizokuwa natuma hazikuwa na mahali pa kukaa. Nilizima printa, nikaigeuza swichi kwa ncha ya kalamu, nikawasha.

Sasa kazi inakwenda hivi, kwa pumzi moja:

sed 's/È/~/g' manifesti.txt | iconv -f UTF-8 -t CP437//TRANSLIT | cat herufi.bin - | lp -d gati -o raw

Sed inaigeuza kila È kuwa kiwimbi, iconv inapeleka mengine yote kwenye jedwali 437, cat inatanguliza mafunzo ya herufi, na lp inatuma. Printa inajifunza È, halafu inaichapa, ndani ya kazi ileile.

Mwanzoni sikuwa natanguliza mafunzo kila mara. Niliifundisha printa asubuhi, nikaendelea siku nzima. Halafu umeme ukakatika mchana kama unavyokatika, ukarudi, na manifesti ya saa tisa ikatoka na viwimbi katikati ya majina ya watu. Kumbukumbu inayobadilika inaishi kwa umeme. Ukizima, umefuta. Kwa printa za hapa kwetu herufi ya kufundishwa lazima isafiri pamoja na kila kazi, kama abiria na tiketi yake.

Jambo hilo hilo nilikutana nalo kwenye leza, nalo lilinikera zaidi kwa sababu ya jina. Leza yangu inaelewa PCL, lugha ya amri ya Hewlett-Packard, waliyoitumia kwenye LaserJet yao ya mwaka 1984. Nayo inaruhusu kupakia fonti ndani ya printa: unaipa fonti namba kwa \033*c7D, unatuma faili la fonti lililoandaliwa kwa PCL, halafu unaweka \033*c5F kuitangaza fonti hiyo kuwa ya kudumu. Baadaye unaiita kwa \033(7X. Nilikuwa nachapa stakabadhi za mfanyabiashara wa mawese kwa njia hiyo, jina la duka lake kwa fonti nzito aliyoipenda. Ya kudumu, nikaamini. Umeme ukakatika, ukarudi, stakabadhi zikatoka kwa Courier. Kumbe katika PCL “ya kudumu” maana yake inavumilia amri ya kuanza upya, \033E, ambayo hufuta fonti za muda. Kuzimika kwa umeme haivumilii. Neno hilo limewekwa na watu wenye umeme wa uhakika, nami naona maelekezo ya printa yangestahili kulieleza kwenye mstari wa kwanza.

Na hiyo Courier ina maelezo yake. Kila mwenye steshenari anaijua karatasi iliyotoka na herufi za taipureta wakati mteja alichagua kitu kingine. Printa nyingi zikiombwa fonti zisizokuwa nayo zinakimbilia huko. Kama printa yako inatumia PostScript, lugha nyingine ya printa, CUPS inaweka faili la maelezo yake, na humo unaweza kusoma fonti ambazo mtengenezaji anasema zimo:

sudo grep Font /etc/cups/ppd/leza.ppd

Utaona orodha, kwa kawaida Times, Helvetica, Courier na jamaa zao, na mara nyingi mstari unaosema DefaultFont: Courier. Ile leza ya Apple ya mwaka 1985, LaserWriter, iliyowafanya watu waanze kuchapa vitabu ofisini, ilitoka na fonti 13 tu ndani yake: nne za Times, nne za Helvetica, nne za Courier, na moja ya alama. Mpaka leo orodha hizi zinafanana nayo kama mtoto na babu.

Tangu usiku ule wa daftari la miraba nimekuwa na swali moja ninalouliza kabla ya kuchapa kazi ya mtu yeyote: herufi hizi ziko wapi? Zinaweza kuwa kwenye kompyuta yangu, zinaweza kuwa ndani ya faili lenyewe, au ndani ya printa. Skrini haikwambii, inakuonyesha tu kwamba mahali fulani zimepatikana. Terminali inakwambia.

Mwalimu anakuja na mtihani kwenye flashi, umeandikwa kwa Calibri, ile fonti iliyokuwa ya kuanzia kwenye Office ya mwaka 2007. Mimi sina Calibri. Naiuliza kompyuta itatumia nini badala yake:

fc-match Calibri

Zamani ilijibu DejaVu Sans. Ni fonti nzuri, lakini ni pana. Mtihani wa kurasa mbili ukawa wa tatu, swali la ramani likabaki ukurasa mmoja na ramani yenyewe ukurasa mwingine, na tulikwisha kutoa kopi mia na zaidi. Hasara ilikuwa yangu na niliilipa. Siku hizi jibu ni Carlito, kwa sababu nimeweka kifurushi cha fonts-crosextra-carlito. Carlito ilichongwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation, iliyotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007 kwa shabaha hiyo hiyo. Mwenye steshenari anayetumia Linux bila vifurushi hivi viwili anacheza na mitihani ya watoto.

Akileta PDF, swali linakuwa jingine:

pdffonts mtihani.pdf

Inatoka orodha ya fonti zote za faili, na safu moja imeandikwa emb. Yes ni kwamba fonti imefungwa ndani ya faili, itakwenda popote faili liendapo. No ni kwamba faili linategemea fonti ya kuazima. Nikiona no, namwomba mteja alihifadhi upya kule alikoliandika, huku fonti zikifungwa ndani. Akiwa ametoka Kasulu au Uvinza na hawezi kurudi, nalipitisha kwenye Ghostscript, programu inayoliandika faili la PDF upya:

gs -o safi.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/prepress mtihani.pdf

Inafunga fonti ilizozipata kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo lazima nilitazame faili jipya kabla ya kulichapa. Hatua hiyo siiruki tena.

Kuna kazi moja niliipenda kuliko zote. Mtafiti wa lugha alileta orodha ya maneno ya Kiha, yenye alama za toni juu ya irabu. Kiha ni lugha ya bibi yangu, na sikuwa nimewahi kuiona imeandikwa hivyo, sauti inapopanda na inaposhuka imewekewa alama kama njia kwenye ramani. Baadhi ya irabu zilikuwa za namna ya ǎ, herufi ambayo haimo 437, haimo 850, haimo kwenye fonti za ndani za printa yangu yoyote. Nikaiuliza kompyuta nani anayo:

fc-list ':charset=1ce' family

1ce ni namba ya ǎ katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya dunia namba yake. Majibu yakaja, na miongoni mwao Charis SIL na Gentium, fonti zilizotengenezwa na watu wa SIL, shirika la masuala ya lugha, wakifikiria hasa lugha ambazo viwanda vya printa havikuzifikiria. Ni za bure, ukitaka kuzigawa unagawa. Nilipanga orodha kwa Charis, nikafunga fonti ndani ya PDF, nikahakikisha kwa pdffonts, nikachapa kwenye leza. Mtafiti alilipa akaenda. Mimi nilibaki na kurasa mbili za majaribio, nikampelekea bibi. Hasomi vizuri siku hizi kwa ajili ya macho, kwa hiyo nilimsomea mimi, nikifuata alama. Neno la nne alinisahihisha. Nilikuwa nimeshusha mahali pa kupandisha, na alama ilikuwa imeandikwa sawasawa.

Yule mama wa vitenge alirudi baada ya mvua kupungua. Shikamoo, marahaba, habari za ng’ambo, nzuri. Nilimchapia manifesti yake mbele yake, printa ikilia kama kawaida yake. Akasoma na kidole. Kilipita juu ya jina bila kusimama, kikaendelea hadi idadi ya marobota, na hapo kikasimama kwa sababu wakala alikuwa amekosea idadi. Tukarekebisha idadi. Jina hakulitaja hata kidogo.

Sasa nina folda nzima iitwayo herufi. Ndani yake kuna È, Ê na À, kila moja kwenye faili lake dogo, na karatasi za miraba zilizochorwa kwa penseli nimezibandika ukutani juu ya printa. Wateja wanadhani ni kazi za shule. Jana wakala alileta orodha mpya yenye mtu aitwaye kwa jina la namna ya JÉRÔME, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. É tunayo tangu kiwandani. Nilisogeza kiti mlangoni penye mwanga, nikafungua daftari, nikaanza kutafuta namna ya kuipatia Ô kofia yake ndani ya miraba minane. Mduara wa miraba mitano unakubali. Kofia inataka miwili, na katikati mmoja wa hewa.